Kwa Nini Hatukwambii "Tulia"

Wengi wetu tulilisikia neno hilo kabla hatujajua kusoma. "Tulia!" kanisani, "tulia!" ndani ya matatu ukiwa umepakatwa, "tulia!" sindano inapokaribia. Ni amri, na mara nyingi nyuma yake kulikuwa na kofi linalosubiri. Ndiyo maana mteja akiketi kwenye kiti chetu hapa karibu na Ngong Road kisha akaambiwa atulie, mabega yake hupanda badala ya kushuka. Nimeliona hilo mara nyingi hadi nikaliondoa neno lenyewe katika kazi yetu.

Sisi hutoa tiba ya hipnosisi. Wanaopiga simu huuliza kwanza kama tutawalaza, na wengine huuliza kwa sauti ya chini kama kuna mapepo ndani yake. Hapana kwa yote mawili. Jina lilitokana na neno la Kigiriki la usingizi, na James Braid, daktari wa upasuaji kutoka Scotland aliyelieneza katika miaka ya 1840, baadaye aliona kwamba linapotosha watu akajaribu kulibadilisha. Alikuwa amechelewa. Hipnosisi ni kuzamisha fikira zako mahali pamoja. Unasikia, unaweza kukataa, unaweza kuinuka ukaenda msalani.

Tena kulegeza mwili si hipnosisi yenyewe. Mwaka 1976 Éva Bányai na Ernest Hilgard walichapisha utafiti ambapo watu waliingia katika hipnosisi wakiwa wanaendesha baiskeli ya mazoezi, macho wazi. Basi kwa nini tunatumia dakika 15 hadi 20 za mwanzo kulegeza mwili? Kwa sababu anayefika hapa ameamka saa kumi usiku ili awahi gari la kutoka Kitengela, amewaza kodi ya nyumba njia nzima, na taya lake limekazwa tangu Jumatatu. Mwili ulio kwenye lindo hauna nafasi ya kusikiliza lingine.

Njia ninayoiamini zaidi ni ya Edmund Jacobson, daktari wa Marekani aliyeieleza katika kitabu cha mwaka 1929. Haikuombi ulegee. Inakuomba ukaze. Kunja ngumi, ikaze sekunde tano hivi, iachie, kisha ufuatilie mkono unavyobadilika kwa nusu dakika. Halafu mkono wa juu, mabega, uso, tumbo, miguu. Watu wa kazi ngumu, mafundi na wauguzi hasa, huipenda kwa sababu wamepewa kitu cha kufanya. Wengi hugundua hapo kwamba hawakujua misuli yao ilikuwa imekazwa. Ukiwa na jeraha au mgongo unaouma, sehemu hiyo tunairuka.

Pumzi nayo ina kazi yake. Tunavuta kwa hesabu ya nne, tunatoa kwa hesabu ya sita. Moyo huenda polepole zaidi wakati wa kutoa hewa kuliko wakati wa kuvuta, na neva ya vagasi, inayoshuka kutoka ubongoni hadi kifuani na tumboni, ndiyo inayobeba ujumbe huo. Hatumwambii mtu azuie pumzi, hasa mwenye presha.

Kisha kuna picha za akilini, na hapa ndipo nilipojifunza mengi. Maelezo mengi ya kazi hii humshusha mteja ngazi kumi, au humpeleka ufukweni. Sasa mwambie mtu anayeishi orofa ya tano, mahali ambapo maji hupandishwa kwa mtungi, kwamba ngazi zinapumzisha! Na bahari? Wateja wangu wengi hawajawahi kuingia ndani yake, na baadhi wanaiogopa. Siku hizi nauliza tu: ni wapi uliwahi kuketi bila mtu kukuhitaji? Mmoja alisema ni jikoni kwa nyanyake, mvua ikipiga mabati na mahindi yakichomwa. Sikuhitaji kuongeza neno.

Kosa langu kubwa lilitokana na neno pia. Mama mmoja alikuwa amefiwa muda mfupi uliopita, nami sikuwa nimemuuliza. Katikati ya kikao nikasema, "Sasa pumzika." Alilia kwa uchungu, maana hilo ndilo neno lililoandikwa juu ya msalaba wa mumewe. Tuliacha, tukanywa chai, tukaongea. Tangu siku hiyo kabla ya kikao cha kwanza nauliza maneno ya kuepuka, na "pumzika" na "lala" siyatumii mpaka nipewe ruhusa.

Wapo pia ambao kulegea kwenyewe kunawatia hofu. Mtu aliyeponea kwa kuwa macho hawezi kuacha lindo kwa sababu nimeongea taratibu. Kwake tunaacha macho yakiwa wazi, miguu sakafuni, mlango ukiwa upande anaouona, na tunaanza na viganja peke yake. Tukiishia hapo siku hiyo, kikao hakijaharibika.

Kuhusu kelele, madirisha yetu hayazuii honi, na sijaribu kujifanya hazipo. Nasema, "Kila honi ipite, na mabega yashuke kidogo." Baada ya dakika kadhaa honi inafanya kazi pamoja nasi.

Ukiwa na kifafa, au uliwahi kusikia sauti au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, zungumza na daktari wako kabla ya kuja. Dawa ulizoandikiwa usiziache kwa ajili yetu. Maumivu ya kifua yanaenda hospitali, hayaji kwetu.

Siku ya kikao njoo umekula kidogo, na usipange mkutano mara tu baada yake. Tutakaa nawe mpaka uwe macho kabisa, kwa sababu nje kuna barabara na bodaboda hazisubiri. Rekodi tutakayokupa ya mazoezi isikilize ukiwa nyumbani umeketi, si ukiwa unaendesha gari. Na ukipiga simu kuweka nafasi, tutakuuliza mambo mawili hata kabla ya kukuuliza tatizo: ni mahali gani unapopakumbuka kwa raha, na ni neno gani hutaki kulisikia.