Barua kutoka Leipzig kuhusu kipaimara cha binti yetu

Leipzig, Februari

Dada yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta salama pamoja na shemeji, watoto, na bibi ambaye nilisikia mguu ulikuwa unamsumbua tena. Sisi hatujambo kwa neema ya Mungu. Najua nimekaa kimya tangu Krismasi, na najua simu ingekufikia upesi zaidi, lakini nyumba yetu ni ndogo na kila nikikupigia binti yako yuko karibu, na jambo ninalotaka kukueleza linamhusu yeye. Nakuandikia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote kwa sababu wewe ndiwe mama yake wa ubatizo.

Jambo lenyewe ni kipaimara chake. Yuko darasa la nane sasa, na hapa mafundisho huchukua miaka miwili kama kule kwetu, kwa hiyo zamu yake imefika, na ibada imepangwa wiki chache kabla ya Pentekoste. Wako wanne tu. Si wanne wa mtaa mmoja, dada, ni wanne wa makanisa yote ya vijiji ambavyo mume wangu, Baba Mchungaji, anavihudumia pamoja na mchungaji mwenyeji. Wewe uliyezoea kuona watoto wa kipaimara wakijipanga mpaka nje ya mlango wa kanisa, hebu wafikirie hao wanne wameketi kuzunguka meza moja katika chumba cha usharika, wamevaa makoti, kwa sababu kupasha joto kanisa zima ni gharama kubwa na wakati wa baridi hata ibada ya Jumapili huhamia chumba hicho hicho.

Shuleni kwake karibu darasa zima linajiandaa kwa sherehe nyingine inayoitwa Jugendweihe, ya kumtoa mtoto utotoni afikapo miaka 14. Haina sala wala Neno. Watoto huvaa vizuri, huketi ukumbini na wazazi, husikiliza muziki na hotuba, kisha huitwa jukwaani kupewa maua na pongezi, na familia huenda kula pamoja na kutoa zawadi. Serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki ndiyo iliyoieneza kuanzia mwaka 1954 ili ichukue nafasi ya kipaimara, na ingawa ukuta wa Berlin ulianguka mwaka 1989 na serikali ile haipo tena, sherehe imebaki. Wanaoifanya leo hawana ugomvi wowote na Kanisa. Bibi alifanya, mama akafanya, na sasa mtoto anafanya, basi.

Wenzake wakamwuliza gauni lake litakuwa la rangi gani. Alipowaeleza kwamba yeye atabarikiwa kanisani, msichana mmoja akamwuliza, wala si kwa dharau, kama hiyo ni mila ya Afrika. Dada, nililia. Hii ndiyo Leipzig yenyewe, mji ambao shirika la misheni lililoanzishwa Dresden mwaka 1836 lilihamia mwaka 1848, na ambako walitoka wamisionari waliofika Machame mwaka 1893 na kuwafundisha babu zetu katekisimu hiyo hiyo ambayo mwanangu anaikariri leo mezani kwangu. Leo mtoto wa Kichaga anaikiri imani hiyo katika mji ilikotoka, na mwenzake anamwona ameileta kutoka kwao. Sijui kama nieleze zaidi, maana wewe unaelewa.

Usiku ule binti alikuja jikoni, akasimama karibu na mlango akichezea mkono wa sweta yake, akasema, "Mama, mimi nataka kubarikiwa nyumbani." Nilimwuliza sababu nikidhani ataniambia habari za gauni jeupe na ndafu na kwaya ya vijana. Akasema anataka kupiga magoti katikati ya watu wanaojua anachofanya.

Baba Mchungaji nilimweleza kesho yake. Yeye anasema hapana, na sababu zake si nyepesi. Anasema dayosisi haikututuma peke yetu, ilituma familia, na mtoto wetu akiondoka katika wale wanne watabaki watatu, na wazazi wa hao watatu, ambao wawili wao hata ubatizo hawana, watajiuliza kwa nini mtoto wa mchungaji ameona kanisa lao halitoshi. Anasema pia kwamba waliokuja Kilimanjaro walizika hata watoto wao pale, hawakuwapeleka Ulaya kila jambo lilipokuwa gumu. Namheshimu kwa hilo. Hata hivyo nilimjibu kwamba wengi wao waliwapeleka watoto wao Ujerumani kusoma, wakakaa miaka bila kuwaona, na kwamba hakuna aliyewauliza watoto hao wenyewe walibeba nini moyoni.

Kuna mama mmoja mzee hapa, huketi benchi la kwanza kila Jumapili na hukung'uta theluji kwenye viatu vyake mlangoni kwa uangalifu kama anayeingia nyumba ya mtu. Nilimweleza habari hii kwa Kijerumani changu cha kuungaunga. Akaniambia kwamba miaka ya hamsini alikataa Jugendweihe akachagua kipaimara, na kwa ajili hiyo akanyimwa nafasi ya kuendelea na masomo ya juu. Alitaka kuwa daktari, akafanya kazi ya kushona maisha yake yote. Nilitegemea aniambie kwamba binti abaki na asimame imara. Hakusema hivyo. Alisema, "Mimi nilichagua mwenyewe, ndiyo maana sijutii." Baada ya hapo akaniuliza kama nimeshampa mtoto wangu nafasi ya kuchagua.

Tangu siku hiyo maneno hayo hayaniachi. Mimi naamini wito wetu, na sijawahi kutamani turudi kabla ya mkataba kwisha. Wazee hawa kumi na watano wanaokuja Jumapili wanatuhitaji, na sisi tumejifunza kwao uvumilivu ambao hatukuujua katika makanisa yetu yaliyojaa, yenye kwaya tatu na mnada wa mayai na ndizi baada ya ibada. Lakini kipaimara ni siku ambayo mtoto anaikiri imani kwa kinywa chake mwenyewe, hasemewi tena na wazazi wala na wewe mama wa ubatizo. Sitaki siku hiyo igeuzwe kuwa sehemu ya ripoti yetu ya kazi. Akibarikiwa hapa, iwe ni kwa sababu amekubali. Akibarikiwa nyumbani, iwe hivyo hivyo. Baba Mchungaji amekubali angalau tuulize kama jambo lenyewe linawezekana, maana si haki kumwambia mtoto achague wakati mlango mmoja umefungwa.

Ndiyo maana nakuomba umwone mchungaji wa usharika, taratibu, baada ya ibada ya katikati ya wiki asipokuwa na watu wengi. Kumtoa shuleni katikati ya muhula haiwezekani, kwa sababu sheria ya mahudhurio hapa ni kali na mzazi anaweza kutozwa faini. Kwa hiyo tunazo likizo mbili tu za kufaa, ile ya wiki sita ya kiangazi na ile fupi ya Krismasi. Je, kipaimara cha usharika wenu mwaka huu kimepangwa mwezi gani? Kikiwa kabla ya Krismasi, mchungaji anaweza kumbariki peke yake ndani ya ibada ya kawaida? Barua ya mchungaji wa hapa ya kuthibitisha mafundisho ya miaka miwili itakubaliwa, au atatakiwa kujibu maswali upya mbele ya wazee wa kanisa? Akiulizwa katekisimu kwa Kiswahili ataweza, ila baadhi ya sehemu amezishika kwa Kijerumani, hilo litaleta shida? Utamkaribisha kwako hizo wiki sita, alale na mabinti zako? Na wewe mwenyewe, bila kunionea haya, unaonaje: namsikiliza mtoto, au moyo wangu umeikumbuka nyumbani nami natafuta njia kupitia kwake?

Hilo la mwisho nijibu kwa maandishi, usilijibu kwenye simu. Yeye mpigie Jumamosi mchana, ongea naye habari nyingine kwanza, atakuja kulisema mwenyewe. Bibi usimwambie bado, maana akisikia tu ataanza kutafuta mbuzi wa ndafu, na sisi hatujaamua.

Wasalimie wanajumuiya wote, na mwambie mama wa duka la pale njia panda kwamba deni lake nalikumbuka.

Dada yako katika Bwana