Mgawanyo wa mali au matunzo? Aya moja ya talaka yakwamisha kesi ya ufilisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya sheria. Kaka yangu anaishi Marekani, na mwaka mmoja baada ya talaka anataka kufungua kesi ya ufilisi. Madeni yake karibu yote yametoka mahakama ya familia. Vijiweni anaambiwa kwamba ukishafilisika yote yanafutwa. Nimekaa na makaratasi yake mezani pamoja na sheria yenyewe, na maneno hayo hayana msingi. Kilichonishinda ni aya moja tu ya makubaliano ya talaka, nami nitaieleza baada ya kuwapa hesabu.

Jumla anadaiwa dola 53,400. Malimbikizo ya matunzo ya mtoto ni 7,200. Wakili aliyeteuliwa na mahakama kumsemea mtoto wakati wa mvutano wa malezi anadai 1,800. Ada za wakili wa wifi yangu, ambazo mahakama ilimwamuru kaka azilipe katika mvutano huohuo, ni 4,500. Wakili wake mwenyewe anamdai 6,300. Kadi ya mkopo yenye majina yao wawili, iliyotumika kwa mahitaji ya nyumbani, ina deni la 9,600, na hukumu inasema ni mzigo wa kaka peke yake. Halafu kuna 24,000 zilizobaki katika malipo ya wifi kwa sehemu yake ya biashara ya lori. Lori lenyewe lilishauzwa, na fedha zote zikaishia kwa mkopeshaji.

Wengi hukimbilia Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi ya Marekani, isiyo na mpango wa kulipa kidogo kidogo, kwa sababu inakwisha ndani ya miezi michache. Kwa kaka ingekuwa kazi bure. Kifungu cha 523(a)(5) kinazuia kufutwa kwa deni lolote la matunzo, na 523(a)(15) kinazuia deni lingine lolote kwa mwenza wa zamani lililotokana na talaka. Kabla ya marekebisho ya mwaka 2005 mdaiwa aliweza kumwomba jaji apime uwezo wake dhidi ya madhara kwa mwenzake. Mlango huo umefungwa. Katika 53,400, kitakachofutwa bila ubishi ni 6,300 za wakili wake mwenyewe. Deni la kadi litafutwa kati yake na benki tu. Benki haikuwa sehemu ya talaka, kwa hiyo hukumu ya talaka haiifungi: itamgeukia wifi kudai zote 9,600, na wifi atarudi kwa kaka kwa sababu makubaliano yanasema atamkinga na deni hilo. Mimi sioni faida ya mzunguko huo kwa yeyote.

Sura ya 13 ni habari nyingine. Mdaiwa hulipa kidogo kidogo kwa miaka mitatu hadi mitano, na akimaliza mpango wote, kifungu cha 1328(a) kinafuta madeni ya talaka yasiyo ya matunzo. Ya matunzo hayafutwi. Tena yale anayodaiwa siku ya kufungua kesi ni ya kipaumbele cha kwanza, lazima yalipwe yote ndani ya mpango, isipokuwa mdai mwenyewe akubali vinginevyo. Kwa hiyo jibu la swali "hili ni deni la aina gani?" ndilo linaloamua kama mpango utasimama au utaanguka.

Tazameni hesabu. Baada ya gharama za maisha na matunzo ya kila mwezi, kaka anabakiwa na dola 420. Kwa miezi 60 ni 25,200. Mfilisi anayesimamia mpango hukata asilimia yake, isiyozidi 10. Nikihesabu 10 kamili, zinabaki 22,680. Malimbikizo, wakili wa mtoto na wakili wa wifi ni 13,500. Mahakama nyingi huzihesabu ada za namna hii kuwa matunzo hata kama hundi inaandikwa kwa jina la wakili, basi nimeziweka huko. Zinabaki 9,180 za kugawiwa wadai wa kawaida. Ikiwa zile 24,000 ni mgawanyo wa mali, zinaingia fungu hilo pamoja na kadi na wakili wa kaka, jumla 39,900, na kila mmoja anapata kama senti 23 kwa kila dola. Wifi angepokea takriban 5,520, na zaidi ya 18,000 zingefutwa mpango ukimalizika. Lakini ikiwa ni matunzo, madeni ya kipaumbele yanafika 37,500 wakati fedha zilizopo ni 22,680. Hakuna jaji atakayeidhinisha mpango huo bila ridhaa ya wifi.

Sasa aya yenyewe, ya 9. Kichwa chake ni "Mgawanyo wa mali". Inasema biashara ilithaminiwa kwa 56,000, na mume atamlipa mke nusu, yaani 28,000, kwa dola 500 kila mwezi kwa miezi 56. Alishalipa miezi minane. Hadi hapo ni mali tupu: thamani ipo, nusu ipo, idadi ya miezi ipo. Mstari unaofuata unageuza mambo: malipo yatakoma mke akifariki au akiolewa tena. Nusu ya mali ya mtu haikomi kwa sababu kaolewa. Kinachokoma hivyo kwa kawaida ni posho ya matunzo. Aya ya 10 inaongeza kwamba "kwa kuzingatia malipo ya aya ya 9" mke anaachilia dai lake la posho. Aliyeandika makubaliano haya ametuachia mtego, sijui kwa kukusudia au kwa kunakili kiolezo cha zamani.

Ninachojua ni kwamba jina lililoandikwa juu ya aya haliifungi mahakama ya ufilisi. Huangalia wahusika walikusudia nini, mapato ya kila mmoja yalikuwaje siku ile, na fedha zilikuwa za kazi gani. Wakati wa talaka wifi alikuwa akipata chini ya nusu ya mapato ya kaka na mtoto alikuwa kwake. Hilo linavuta upande wa matunzo, nami sitajifanya silioni kwa kuwa mdaiwa ni ndugu yangu.

Swali langu la kwanza ni la wakati. Deni la aina hii halina tarehe ya mwisho ya kupingwa, tofauti na madai ya ulaghai ambayo katika Sura ya 7 mdai hupewa siku 60 kuanzia tarehe ya kwanza iliyopangwa ya mkutano wa wadai. Wifi anaweza kukaa kimya miaka mitano, kaka akamaliza mpango, halafu wifi akaenda mahakama ya familia, ambayo nayo ina mamlaka ya kuamua, akasema zilikuwa matunzo tangu mwanzo. Je, kaka afungue shauri ndani ya kesi ya ufilisi mapema ili jaji atamke aina ya deni kabla ya mpango kuidhinishwa? Au asubiri wifi awasilishe dai lake ndani ya siku 70 wanazopewa wadai tangu kesi kufunguliwa, na akilitaja kuwa la kipaumbele ndipo alipinge? Njia ya kwanza ina gharama ya wakili na inaamsha ugomvi uliolala. Ya pili ni nafuu, ila ushindi wake naona unaweza kuwa wa karatasi.

La pili ni kadi. Mpango ukiwa unaendelea, kifungu cha 1301 kinaizuia benki kumfuata wifi kwa deni la matumizi ya nyumbani, lakini benki inaweza kuomba zuio liondolewe kwa sehemu ambayo mpango hauilipi. Kifungu cha 1322(b)(1) kinaruhusu deni lenye mdaiwa mwenza litendewe tofauti na mengine. Wenye uzoefu watuambie: mahakama zinakubali kadi hiyo ilipwe yote 9,600 huku wengine wakipata senti chache? Nauliza kwa sababu 9,180 hazitoshi hata kwa kadi peke yake, na mfilisi atataka kujua kwa nini wakili wa kaka asipate chochote.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Kwa kuwa wifi anaweza kuridhia, nimefikiria wakae na mawakili wao wakubaliane kwamba 24,000 ni matunzo, kadi ilipwe kadiri inavyowezekana ndani ya mpango, na wifi akubali kupokea sehemu tu kwa miaka mitano, salio liendelee baada ya kesi kufungwa. Kaka atabaki na deni, ila mshahara wake utakuwa na utaratibu. Wifi naye hatabeba kadi peke yake. Je, makubaliano hayo yaandikwe ndani ya mpango wenyewe, au yawe waraka wa pembeni uliosainiwa na wote na kuidhinishwa na jaji? Na je, mahakama ya familia inahitaji kuyapitisha pia, ili asije jaji wa huko kumwona kaka amedharau amri ya dola 500 kwa mwezi?

Matunzo ya sasa ya mtoto hayaguswi na lolote kati ya haya. Ufilisi hausimamishi makato ya mshahara kwa ajili yake, na akikosa malipo hata baada ya mpango kuidhinishwa, kesi inaweza kutupwa. Hilo nimeshamweleza na amelielewa.

Naomba majibu kabla hajasaini, maana wakili anayemtaka afungue Sura ya 7 ameshamwandalia fomu.

Wenu,
Dada wa mdaiwa