Barua kwa mdogo wangu anayejiita Msabato

Mdogo wangu mpendwa,

Mama ameniambia kwamba huko chuoni Nairobi wanakujua kama Msabato. Waliuliza kwa nini huonekani Jumamosi, ukajibu hivyo, yakaisha. Naelewa kabisa. Kila mtu hapo ana jirani au shangazi Msabato, kwa hiyo jibu hilo halizai swali. Ukisema ukweli, kwamba sisi ni Wayahudi wa Mbale, Uganda, linakuja papo hapo: Myahudi gani mweusi? Kisha wanakudai maelezo ya vita vya Gaza, kana kwamba umetumwa na serikali ya Israeli, ilhali Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo imekataa kuwatambua watu wetu wanaotaka kuhamia huko.

Hata chakula kinakusaidia kujificha. Wasabato nao hawali nguruwe, hawali kambare. Unachagua sato au maharage na hakuna anayeshtuka. Hapo ndipo ninapoogopa. Vazi la kuazima likikutosha vizuri hivyo, utalivua lini? Siku ya Upatanisho ikiangukia Jumatano, utamwambia nani kwamba umefunga? Ijumaa jioni utawasha mishumaa mbele ya nani? Hayo ambayo hatushirikiani na Wasabato ndiyo yatakayokutoka kwanza, taratibu, wala hutaona yakiondoka.

Unajua wazee wanavyosimulia habari za Semei Kakungulu, yule kiongozi wa Kiganda aliyeanzisha jumuiya yetu. Alipotaka kutahiri, Wamalaki wenzake, wafuasi wa dhehebu la Kikristo alilokuwamo, walimwambia hayo ni mambo ya Kiyahudi. Akasema basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe, na ndiyo sababu tupo. Angeweza kunyamaza abaki na heshima yake.

Utaniambia kwamba hata wazee wetu walijificha. Ni kweli. Idi Amin alipopiga marufuku ibada yetu, wengi waligeuka Wakristo au Waislamu, na mimi siwalaumu hata mmoja. Waliobaki walisali kwa siri majumbani. Utawala ule ulianguka tarehe 11 Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipouteka mji wa Kampala, na jioni ileile Pasaka yetu ilikuwa inaingia. Hebu fikiria Pasaka ile, mdogo wangu, kusoma habari za kutoka Misri usiku kama huo! Lakini wao walijificha kwa sababu kulikuwa na askari. Kwako kuna maswali tu. Yanachosha, nakubali, ila si lazima umjibu kila mtu. Sema, "Ndiyo, Myahudi, wa Mbale," uendelee kula.

Wala sikwambii ujitenge na Wasabato. Tazama ule ushirika wa kahawa ulioanzishwa huku kwetu mwaka 2004: Wayahudi, Waislamu na Wakristo wanauza pamoja, na hakuna aliyetakiwa kubadili jina la dini yake ili apokelewe. Wanafunzi Wasabato wa Makerere walipinga masomo na mitihani ya Jumamosi hadi Mahakama ya Juu, wakashindwa mwaka 2006. Walishindwa, lakini kila jaji alijua ni nani waliosimama mbele yake. Nawaheshimu mno kwa hilo.

Kwa hiyo mtihani wenu ukipangwa Jumamosi, nendeni kwa mkuu wa kitivo pamoja, kila mmoja na barua yake. Wao waandike Msabato, wewe andika Myahudi. Na pale karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, kwenye barabara ya University Way, kuna sinagogi la jumuiya iliyoanza mwaka 1904. Watumie ujumbe kwanza, usijitokeze tu getini. Waeleze unatoka Nabugoye, kwetu karibu na Mbale, uwaulize sala za Ijumaa zinaanza saa ngapi.

Barua ya mkuu wa kitivo nitumie niisome kabla hujaipeleka.

Dada yako