Wanaume, pimeni kwanza kabla ya kununua unga wa mulondo

Mhariri,

Ukipita soko la Owino au uwanja wa zamani wa teksi mjini Kampala, vipaza sauti havinyamazi: unga wa mulondo (mzizi unaosifiwa kwa nguvu za kiume), asali ya nguvu, chai ya siku 7, na ahadi ya mtoto juu yake. Tunaomba nafasi tuseme jambo ambalo wauzaji hao hawaligusi. Hakuna chakula wala dawa inayobadili mbegu za mwanamume kwa siku 7. Mbegu huchukua kama siku 70 kutengenezwa ndani ya korodani, kisha wiki moja au mbili nyingine kukomaa katika mrija uliojikunja nyuma yake. Ni kama muda wa maharage, tangu kupandwa hadi kuvunwa. Shahawa inayotoka leo inasimulia ulivyokula na ulivyokunywa miezi 3 iliyopita, pamoja na homa kali ya malaria iliyokulaza wakati huo.

Halafu kuna kuchanganya mambo mawili. Nguvu za kiume ni jambo moja, uzazi ni jingine. Mtu anaweza kuwa hodari chumbani na asiwe na mbegu hata moja. Mamlaka ya dawa ya Uganda, NDA, imeshaonya kuhusu bidhaa za "asili" zilizotiwa sildenafili kwa siri. Dawa hiyo husimamisha, haiongezi mbegu, na ikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti, shinikizo la damu huweza kuporomoka hadi mtu akafa.

Kwa hiyo kipimo kwanza. Wanandoa wakitafuta mtoto miezi 12 bila mafanikio (miezi 6 ikiwa mke amepita miaka 35), wapimwe wote wawili. Kwetu mke ndiye anayezungushwa hospitali mwaka mzima, mume anabaki kuulizia matokeo kwa simu, ilhali karibu nusu ya visa tatizo liko kwa mwanamume, peke yake au pamoja na mkewe. Kipimo cha shahawa ni rahisi, lakini huharibiwa na mambo madogo. Jizuie siku 2 hadi 7: pungufu ya hapo kiasi kinashuka, zaidi ya hapo mbegu zilizokufa zinaongezeka. Toa kwa mkono ndani ya kikombe cha maabara, bila sabuni, mate, mafuta wala kondomu ya kawaida, kwa sababu vyote hivyo hudhuru mbegu. Matone ya mwanzo ndiyo yenye mbegu nyingi. Yakimwagika, sema, usione haya, maana kunyamaza kutakupa jibu la uongo. Kama umetolea nyumbani, kikombe kifike maabara ndani ya nusu saa, isizidi saa 1, kikiwa chini ya shati karibu na mwili. Kukining'iniza kwenye mfuko huku bodaboda ikikata upepo ni kuziua mbegu kwa baridi.

Jibu likija, linganisha na viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, zinazoogelea kwenda mbele asilimia 30, zenye umbo la kawaida asilimia 4. Ndiyo, 4, si kosa la chapa, na wengi hushtuka bure wakiiona. Aliye chini kidogo ya hapo si mgumba, arudie kipimo. Aliyepata sifuri mara mbili, asipoteze hela sokoni. Huenda mirija imezibwa na kisonono au klamidia ya zamani, na hilo si la kutibiwa kwa mboga, ni la daktari wa njia ya mkojo na uzazi. Vilevile mishipa iliyovimba kama minyoo juu ya korodani, mara nyingi ya kushoto, huonwa na daktari kwa kupapasa tu.

Sasa chakula. Kitu cha bei nafuu kinachostahili sifa zaidi ya zote hizo sokoni ni mukene, dagaa wa Ziwa Victoria. Ngozi ya mbegu ya kiume imejaa mafuta ya omega-3, na mukene anayo, pamoja na zinki na seleniamu. Lakini mnunue kwa macho. Aliyeanikwa kwenye wavu au chanja ana rangi ya fedha. Aliyeanikwa mchangani atakusaga meno, na aliyegeuka manjano au kahawia, mwenye harufu kali kooni, mafuta yake yamekwisha kuharibika, ile faida uliyoitaka haipo. Mloweke katika maji moto dakika 5, msuguesugue ili mchanga uzame, mwinue kwa mkono badala ya kumwaga bakuli zima, kisha mpike ndani ya mchuzi wa karanga au simsim. Konzi moja ya mukene mkavu, mara 3 au 4 kwa wiki, inatosha. Kumkaanga katika mafuta yaliyochoka ya muuza chapati ni kumharibu mara ya pili.

Wanaosoma mtandaoni wataleta habari ya jozi, zile njugu za nchi za baridi. Ni kweli: mwaka 2012, huko Los Angeles, wanaume 117 walishiriki utafiti, na waliokula gramu 75 kila siku kwa wiki 12 mbegu zao zilichangamka zaidi. Ila walikuwa vijana wazima, si watu waliokosa watoto. Na karanga zetu, pamoja na uzuri wake, hazina omega-3 ya jozi. Mukene ndiye anayeziba pengo hilo.

Zinki, mwanamume anahitaji kama miligramu 11 kwa siku. Nyama, maini, simsim na mbegu za maboga zinayo. Posho (ugali) ya unga mweupe imepoteza sehemu kubwa kinuni, na maharage yanayo lakini yameifungia, mwili hauipati vizuri. Yaloweke usiku kucha, maji yale mwaga. Bushera, uji uliochachushwa wa mtama uliooteshwa, nayo huifungua. Vidonge? Mwaka 2020 Marekani ilitoa matokeo ya jaribio la wanandoa 2,370: waume walipewa miligramu 30 za zinki na 5 za asidi ya foliki kila siku kwa miezi 6. Watoto waliozaliwa hawakuongezeka, walioongezeka ni wenye kuumwa tumbo. Mboga za majani kama nakati na doodo zitakupa foliki bila bili, mradi uzipike kwa mvuke juu ya matoke dakika chache, usizichemshe hadi zigeuke kijivu.

Jambo moja la Lango, Acholi, Teso na Kasese, kunakolimwa pamba. Mafuta ghafi ya mbegu za pamba, yale mekundu ya kahawia yaliyokamuliwa tu, yana sumu iitwayo gosipoli. Uchina iliijaribu kama dawa ya uzazi wa mpango kwa wanaume zaidi ya 8,000. Mbegu zilikoma kweli, na kwa baadhi hazikurudi tena. Kiwanda kinachosafisha mafuta huiondoa kwa magadi makali, ndiyo maana yaliyosafishwa huwa na rangi ya manjano hafifu. Yale ya kwenye dumu, meusi meusi, yasiingie jikoni.

Waragi, ile pombe kali, ya kila jioni hushusha testosteroni, homoni ya kiume. Kitambi nacho hugeuza sehemu ya homoni hiyo kuwa ya kike. Na vijana wa jimu wanaodungwa testosteroni wajue kwamba sindano hiyo huiambia korodani ilale, na kuamka kwake huweza kuchukua mwaka au zaidi.

Mulondo wenyewe? Kuna majaribio ya panya waliopewa dawa yake muda mrefu, mbegu zikapungua badala ya kuongezeka. Kutafuna kipande sherehe ikipamba moto hatukatazi, ila kuunywa kila siku kwa ajili ya mtoto hatuoni sababu.

Nanyi wahariri, tangazo la dawa ya uzazi lisipokuja na namba ya usajili ya NDA, lirudisheni. Msomaji aliyeanza mlo huu leo akapime tena baada ya siku 90, maabara ileile, na idadi ileile ya siku za kujizuia.

Wataalamu wa lishe na maabara,
Jinja