Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dodoma: upele utibiwe kwa kaya

Ndugu Mganga Mkuu,

Pole na majukumu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Chamwino. Nakuandikia kuhusu upele wa wanafunzi wetu, ambao huku vijijini umezoeleka kiasi kwamba wazazi huambiana utaisha wenyewe. Hauishi.

Darasa la pili nina mtoto anayesinzia kila asubuhi. Si mvivu. Ukimshika mkono unaona vipele katikati ya vidole, na viganja vimekunwa mpaka vinatoa usaha. Utitiri wa upele hujichimbia kwenye ngozi na kutaga mayai humo, na muwasho wake hupamba moto usiku. Halali, wala wadogo zake anaolala nao mkeka mmoja hawalali. Alipelekwa zahanati, akapewa chupa moja ya dawa ya kupaka. Akapata nafuu, kisha upele ukarudi.

Ulirudi kwa sababu waliobaki nyumbani hawakutibiwa. Anayeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kumaliza wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, na muda wote huo anaambukiza. Mama akisema yeye hana upele, hadanganyi. Lakini naye apake. Wote wapake siku moja, kuanzia shingoni hadi nyayo, kisha warudie baada ya siku 7 hadi 14. Na waambiwe mapema kwamba muwasho unaweza kuendelea wiki kadhaa hata utitiri ukishakufa, wasije wakadhani dawa imeshindwa.

Naomba basi zahanati zako ziandike dawa ya upele kwa kaya, si kwa mgonjwa mmoja, na ziagize kwa hesabu hiyo. Kidonda cha kujikuna kikiingiwa na bakteria kinaweza kudhuru hadi figo, kwa hiyo hatuombi urembo wa ngozi.

Kuna suala la maji pia. Kiangazi cha Dodoma unakijua. Mzazi wa ndoo mbili kwa siku akiambiwa afue kila kitu, anakata tamaa. Aelezwe kwamba nguo na shuka zisizofulika zinaweza kufungiwa kwenye mfuko siku 3 au zaidi, maana utitiri haudumu nje ya mwili.

Jingine ni krimu zenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza wekundu na muwasho, zinazouzwa madukani kwa kila aina ya kipele. Kwa pumu ya ngozi, mtaalamu akielekeza, zinasaidia sana. Zikipakwa kwenye fangasi, wekundu unapungua huku fangasi wanaenea. Mapunye ya kichwani ndiyo kabisa: krimu haifiki kwenye shina la nywele, yanahitaji vidonge kama griseofulvini kwa wiki kadhaa. Wauzaji waelekezwe hilo.

Shuleni tumeshaorodhesha kaya zenye watoto wenye upele, na mwenyekiti wa kijiji amekubali kuitisha mkutano. Tunachokosa ni dawa ya kuwatosha wote siku hiyo moja. Tunasubiri jibu lako.

Mwalimu, Chamwino