Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, Dodoma

Ndugu Mgeni Rasmi, Daktari wa Kinywa na Meno;
Mkuu wa Shule na walimu wetu;
Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,

Mbukwenyi!

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo, 20 Machi. Tunakushukuru nawe, Daktari, kwa kuacha wagonjwa wako na kuja kutusikiliza.

Ndugu Mgeni Rasmi, mwaka huu klabu yetu imejifunza dentini, tabaka lililo chini ya enameli (ganda gumu la nje la jino), ambalo ndilo sehemu kubwa ya jino. Mabango ya meno tuliyoyazoea husifu kalsiamu na kuonya juu ya sukari. Ni sawa, lakini hayasemi ni nani aliyeipanga kalsiamu hiyo. Kwa uzito, takriban asilimia 70 ya dentini ni madini, asilimia 20 protini na viambata vyake, na asilimia 10 maji. Tunaomba tukae kwenye ile 20.

Sehemu yake kubwa, karibu asilimia 90, ni kolajeni aina ya kwanza. Kila molekuli yake ni minyororo mitatu iliyosokotana, yenye urefu wa nanometa 300 hivi. Molekuli hizo hujipanga kwa kupishana na kuacha mapengo ya nanometa 40 hivi, na fuwele za haidroksiapatiti, yaani madini ya kalsiamu na fosfeti yanayolipa jino ugumu, huanzia humo. Aliyeona tembe ya Kigogo ikijengwa ataelewa: fito kwanza, udongo baadaye.

Kolajeni hiyo hutolewa na seli ziitwazo odontoblasti. Inapotoka bado ni laini, haina madini, na huitwa predentini. Hapo ndipo zinapoingia protini chache kwa wingi lakini kubwa kwa kazi. Mojawapo ni fosfoforini, inayopatikana baada ya protini kubwa zaidi, DSPP, kukatwa vipande. Imejaa asidi ya aspatiki na serini zilizobeba fosfeti, hivyo ina chaji hasi nyingi mno na huvuta ayoni za kalsiamu. Kilichotushangaza kuliko vyote ni hiki: ikishikamana na kolajeni, huanzisha fuwele, ikiwa huru na nyingi kwenye kimiminika, huzizuia zisikue. Protini ileile, kazi mbili, kutegemea imekaa wapi.

Jeni ya DSPP iko kwenye kromosomu ya 4. Ikiwa na hitilafu, mtoto anaweza kuzaliwa na ugonjwa uitwao dentinojenesisi impafekta. Meno yake huwa ya kahawia au kijivu cha bluu, enameli hubanduka, na dentini iliyobaki wazi hulika haraka. Ndugu Mgeni Rasmi, hili linatuuma. Mtoto wa namna hii huambiwa hapigi mswaki, huchekwa darasani, mwishowe hunyamaza asionekane meno. Hapa kanda ya kati wapo pia, hasa upande wa Singida, wenye meno yaliyobadilika rangi kwa floraidi nyingi ya maji ya visima waliyokunywa utotoni. Sababu ni tofauti, lawama ni ileile, na wote hawana kosa.

Kwa vitendo, tuliloweka mfupa wa kuku kwenye siki kwa siku kadhaa. Asidi iliyeyusha madini, mfupa ukabaki na umbo lake lakini ukawa unapinda. Kilichobaki kilikuwa hasa kolajeni, na ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye dentini. Wanachama wengi walijiunga siku hiyo.

Changamoto yetu kubwa ni hadubini. Tuliyonayo ni moja na lenzi yake kubwa imepasuka.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, utupatie meno yaliyong'olewa na kutakaswa vijidudu, tuyaloweke kwenye siki kama tulivyofanya kwa mfupa. Pili, utuombee siku moja ya kutembelea maabara ya Chuo Kikuu cha Dodoma, tuone kipande cha dentini chini ya hadubini nzuri. Tatu, na hili ndilo tunalolisisitiza, uwafundishe walimu wetu namna ya kumtambua mtoto mwenye ugonjwa wa dentini, ili apelekwe kliniki badala ya kuadhibiwa kwenye ukaguzi wa usafi.

Tunaomba kuwasilisha.