Viatu havikimbii

Mwanangu Neema,

Huku hatujambo, mama yako tu ndiye ana vita na mwewe kwa ajili ya vifaranga. Jana kwenye simu ulinichekesha, halafu usiku usingizi ukanipaa. Eti kongamano lenu ni la siku mbili: ya kwanza hesabu na saratani, ya pili wachoraji, na hiyo ya pili utaingia zako Kariakoo kutafuta viatu. Viatu havikimbii, mama.

Unajua habari za baba yako mdogo, yule tuliyemzika mimi nikiwa darasa la sita. Taya lilivimba, nyumbani wakadhani jino. Wiki chache tu, jicho likawa limesukumwa nje. Nilikuja kulijua jina la ugonjwa nikiwa tayari mwalimu: limfoma ya Burkitt, saratani ya seli nyeupe za damu. Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kule Kampala, akaueleza mwaka 1958. Machi 1961 alitoa mhadhara London, na mmoja wa waliokuja kumsikiliza ni Anthony Epstein, mtu aliyekuwa akihangaika na kirusi cha saratani ya kuku. Mataya ya watoto wa Afrika yalimhusu nini? Lakini alikaa, akasikiliza. Mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli za uvimbe uleule. Je, kama siku ile angekwenda kununua viatu?

Hesabu yako uliyonitumia, ya seli za saratani kuongezeka maradufu, haina kasoro. Si mimi niliyekufundisha kwa punje za mahindi mezani, mpaka mama yako akaja kudai mahindi yake? Seli moja ikijigawa mara 30 unapita bilioni moja, kiasi cha uvimbe wa kama sentimita moja. Na hizi za Burkitt hazichukui zaidi ya siku moja au mbili kuwa maradufu. Ila karatasi yenyewe nimeisoma mara tatu, sijaona mahali seli zinapokufa. Zinazaliwa tu, kama kijiji kisicho na makaburi.

Sasa tafuta picha ya ugonjwa huo chini ya hadubini. Utaona seli zimebanana, zambarau iliyokolea, na katikati yake vidoa vyeupevyeupe vimetawanyika. Madaktari wenyewe huiita anga lenye nyota. Kila nyota ni seli kubwa inayomeza seli za saratani zilizokufa. Yaani kile kinachokosekana kwenye mlinganyo wako kimejaa pale, unakiona kwa macho kabla hujashika kalamu.

Kwa hiyo siku ya pili uende. Kaa na mchoraji yeyote, mwonyeshe picha hiyo, mwulize yeye anaona nini. Usimweleze kwanza! Halafu nipigie, lakini kwa simu ya mama yako, yangu kioo kimepasuka.

Na hivyo viatu, siku hizi unavaa namba ngapi? Jumamosi mama yako anakwenda mnadani.

Baba yako